Fundi Aliyekohoa Njiani

Miaka ile ya Mdachi, reli ilipokwisha kufika Morogoro, kulikuwa na mbeba mawe mmoja pale mjini ambaye wenzake walimwita Bubu. Hakuwa bubu. Jina lake lilikuwa Rehani, na ulimi alikuwa nao, ila alikuwa ameuweka kando. Mnyapara akimwambia, "Chukua jiwe hili, liweke pale," alilichukua akaliweka pale, hata kama pale palikuwa tope tupu na jiwe linazama mbele ya macho yake. Hakuuliza kwa nini. Hakuuliza nani atakaa ndani ya jengo lile, wala maji ya mvua yatapita wapi. Wenzake walimcheka, naye alikunywa uji wake akalala.

Lau wangalijua alikotoka, wasingalicheka. Au labda wangalicheka zaidi, maana binadamu ndivyo tulivyo. Bubu huyo alikuwa fundi wa nyumba kule milimani, kwenye vijiji vinavyoutazama Mto Morogoro kutoka juu, na sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa maswali.

Kazi alifundishwa na fundi aliyeitwa Hatibu, mtu mkali asiyesifu kitu. Hatibu alimwambia kwamba nyumba haianzi na nguzo, inaanza na mwenye nyumba. Ukimjengea usiyemjua, umejenga ya mtu mwingine. Rehani akalishika neno hilo mpaka likapita kiasi. Ukimwita akujengee, siku ya kwanza haji na panga wala shoka. Anakuja na kigoda chake, anakaa uani kwako, anaanza. Nani atalala humu? Kuna mwenye kifua, nijue moshi utokee wapi? Mbuzi watalala ndani au nje? Mkeo na mama yako wanapatana, au majiko yawe mawili? Mwaka wa mvua kubwa maji yalishukia wapi? Kabla yako nani alikaa hapa, na alihamia wapi, na kwa nini? Nani amezikwa karibu? Wapo waliochoka wakamwambia wameomba nyumba, hawakuomba kushitakiwa. Watani wake walisema Rehani hajengi kwa udongo, anajenga kwa mate. "Mkimwita Rehani," walisema, "mficheni bibi yenu, asije akaulizwa aliolewa kwa nini."

Lakini nyumba zake hazikuvuja, na hilo ndilo lililowafunga midomo. Kulikuwa na mama mmoja, Mwajuma, aliyetaka mlango utazame mashariki apate jua la asubuhi. Rehani aliuliza na kuuliza mpaka ikajulikana kwamba njia ya upande ule ndiyo anayopita baba mkwe wake kila alfajiri akienda shamba. Mlango ungekaa pale, Mwajuma angekuwa mfungwa nyumbani kwake, kila asubuhi anachungulia kama mzee amepita. Mlango ukageuzwa. Mwajuma alisimulia habari ile kisimani mpaka kila mtu akaijua, na Rehani akavimba kichwa kidogo.

Hapa sharti niseme habari ya ukwe, kwa kuwa wapo watakaosoma haya ambao kwao mkwe ni mtu wa kula naye sahani moja. Kule milimani, siku zile, mwanamume na mama wa mkewe hawakutazamana usoni. Hawakusemezana, hawakutajana majina. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia kwenye migomba na kugeuza uso, mwanamke anageuza mgongo, mpaka mmoja apite. Mwanamume akienda kwa mkwewe anakohoa angali mbali, mama apate nafasi ya kutokea mlango wa nyuma. Hiyo ndiyo heshima, na hakuna aliyeiona mzigo, kama vile wewe usivyoiona nguo uliyovaa kuwa mzigo. Tena iliweza kulegezwa. Mwanamume alipeleka nguo na kuku, chakula kikapikwa, ukoo ukashuhudia, na tangu siku hiyo aibu imevunjwa, wakwe wanaweza kusemezana kwa kiasi.

Rehani alimwoa Mwaisha, akahamia kwao. Ardhi kule ni ya upande wa mama; mwanamume hulima shamba la ukoo wa mkewe, na akifiwa na mke hufungasha. Mama yake Mwaisha aliitwa Pili. Alikaa juu kabisa, karibu na msitu, ndani ya ua aliozaliwa.

Rehani alimpenda mkewe. Mwaisha alikuwa mtu wa kicheko, alimwita mumewe "Bwana Kwa-nini", na ndiye mtu pekee aliyeweza kumjibu swali kwa swali mpaka akakosa la kuuliza. Mara kwa mara alimwambia, "Mume wangu, mpelekee mama nguo yake, mvunje aibu. Mama anazeeka. Anataka naye akuone huyo anayesumbua watu kwa maneno."

"Kiangazi kikija," Rehani alijibu.

Kiangazi kikaja, kikamleta Bwana Msitu. Mdachi huyo alipita ubavuni mwa mlima na askari na akida, wakikata alama kwenye miti. Nyuma yao akida alitangaza kwamba kila kilicho juu ya mstari wa alama zile ni msitu wa serikali: hakuna kulima, hakuna kuchoma, hakuna kukaa. Walioko juu washuke kabla ya vuli, na nyumba itakayobaki itatiwa moto. Watu wakauliza msitu umekuwaje wa serikali ilhali makaburi ya bibi zao yamo ndani yake. Aliyeuliza zaidi alilazwa chini akachapwa viboko mbele ya wenzake. Baada ya hapo maswali yakaisha mlima mzima.

Nyumba ya Pili ilikuwa juu ya mstari.

Mkubwa wa ukoo alikuwa Yunusi, kaka yake Pili, mjomba wa Mwaisha. Yeye ndiye aliyegawa ardhi, na maskini ya Mungu, hakuwa na ardhi ya kugawa. Huku chini kila kipande kilikuwa na mwenyewe, na watu wanashuka kutoka juu na vyungu vichwani. Mwishowe akampa dada yake kiwanja kimoja begani mwa mlima, chenye udongo mweusi na migomba iliyojiotea yenyewe. Rehani akaitwa ajenge. Angeitwa nani mwingine?

"Shikamoo, mjomba," Rehani alisema walipofika pale.

"Marahaba."

"Mahali pazuri hivi, mbona hapana mtu?"

"Palipumzishwa."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani," Yunusi akasema, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Rehani, nina watu wanalala chini ya migomba wananingoja mimi. Wewe jenga."

Rehani alijua hilo si jibu. Mahali ambapo watu wanagombea hata ukingo wa njia, kiwanja cha udongo mweusi hakikai bure. Angalikuwa mteja mwingine, angalichukua kigoda chake akakae uani kwa mtu mpaka aambiwe. Lakini mwenye nyumba safari hii alikuwa mkwewe.

Akamtuma Mwaisha. Mwaisha akapanda na maswali, akashuka na majibu. Mama anasema atalala upande wowote, mkwe akipenda. Moshi utokee popote, mkwe akipenda. Mlango vilevile. Kila jibu lilikuwa adabu tupu, na adabu haimwonyeshi fundi pa kuchimba shimo la nguzo. Mwaisha alicheka mpaka machozi. "Leo umepata kiboko yako, Bwana Kwa-nini."

Yalibaki yale maswali makubwa. Pale palikuwa na nini zamani? Nani alikaa? Nani alifia pale? Haya hakumpa Mwaisha ayabebe. Mkwe hataji wafu wa ukoo wa mkewe, hata kwa kutuma. Angeonekana anahesabu makaburi ya watu kwa tamaa ya ardhi yao.

"Yamekwisha?" Mwaisha akamwuliza.

"Yamekwisha," akasema.

Kuuliza si ujinga, watu husema, naye alikuwa amekula na kulala kwa neno hilo. Siku ile akaona kuuliza ni utovu wa adabu. Badala ya kuuliza akajipa moyo kwamba atajenga nyumba ambayo mlima ule haujaiona, na nyumba yenyewe ndiyo itakuwa zawadi ya kuvunjia aibu. Siku ya kuikabidhi atasimama mbele ya mama, amwone uso, amsikie sauti. Alipomwambia Mwaisha, kicheko kilimwisha, akamshika mumewe mkono asiuachie. Alikuwa na furaha mwanamke yule.

Kiwanja kilikuwa mteremko. Ukingoni kulikuwa na jiwe kubwa bapa, lakini palikuwa padogo, nyumba ingebanana. Rehani akaona mama amezoea ua mpana. Akaamua kuukata mlima kwa nyuma apate uwanda. Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge, ukuta wa udongo ukasimama nyuma ya kiwanja ukapita kimo chake. Ulikuwa mweusi, laini, na una unyevu hata jua likiwa kali. Unyevu ule aliuona. Akasema ni baridi ya mlima.

Siku aliyokuwa akisimamisha nguzo, Pili alikuja. Rehani alimwona kwa pembe ya jicho, mwanamke mwenye mzigo wa nyasi kichwani kwenye njia ya juu. Hapo hapo akaacha nguzo, akaingia kwenye migomba, akageuza uso, akangoja apite. Hakupita. Aligeuza mgongo kama inavyompasa, akasimama. Rehani akakaa migombani mpaka siafu wakampanda miguuni, naye anajikaza asipige kelele za aibu karibu na mkwewe. Alidhani mama amechoka anapumzika. Alipochungulia tena, mzigo wa nyasi ulikuwa umewekwa kando ya njia, Pili hayupo. Zilikuwa nyasi nzuri, ndefu, zimechambuliwa. Aliziezekea upande wa kitanda.

Nyumba ikakamilika kabla ya vuli. Watu walikuja kuitazama kutoka vijiji vya jirani: kuta zimesiribwa laini, moshi unatoka bila kuingia chumbani, ua unatosha ngoma. Pili akahamia. Juu ya mstari askari wakaichoma nyumba yake ya zamani, na moshi ukaonekana mpaka bondeni.

Aibu haikuvunjwa siku ile. Kuvunja aibu kunataka chakula cha ukoo mzima, na mashamba yenye chakula yalibaki kwa Bwana Msitu. Yunusi akasema wangoje mavuno, masika yakipita. Wakangoja.

Vuli ilipita salama, na Rehani akausahau ule unyevu. Kisha masika yakaushika mlima na hayakuuachia. Asubuhi moja Mwaisha alirudi kutoka kwa mama yake, miguu imejaa tope, akamwambia mumewe kwamba sakafu ya nyuma inatoa maji.

"Paa linavuja?" Rehani akauliza.

"Paa kavu. Maji yanatoka chini."

Hakupenda kusikia hivyo. Mwaisha akatangulia kwenda kumpikia mama, naye akanoa jembe, akafuata ili achimbe mtaro nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imepungua. Alipofika kwenye kona ya njia, pale ambapo mwenye adabu hujitambulisha, akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kama mkwe mwema. Akaona mlango wa nyuma unafunguliwa na Pili anatoka, jani la mgomba kichwani, anaelekea upande wa jiwe bapa kumpisha. Mwaisha akasimama mlango wa mbele na mwiko mkononi. "Bwana Kwa-nini! Njoo, ugali uko tayari!" Akarudi ndani kuepua chungu.

Ule ukuta wa udongo nyuma ya nyumba ukashuka. Haukuja na kishindo kikubwa kama watu walivyosimulia baadaye. Ulishuka kama mtu aliyechoka anavyokaa chini. Udongo, migomba, nguzo alizozichagua mwenyewe moja moja, vyote vikateremka pamoja. Kisha pale palipokuwa na nyumba yakatoka maji, safi kabisa, yakatiririka kuelekea bondeni kama watu wanaorudi kwao.

Kijiji kizima kilichimba. Walimpata Mwaisha. Mengine siyasemi.

Matanga yalipoondolewa, Yunusi alikuja kukaa karibu na Rehani, akasema, "Mwanangu, unajua desturi." Rehani aliijua. Mke hayupo, shamba halipo. Watu walimwambia ni kazi ya Mungu, na hakuna aliyemlaumu hata mmoja, jambo lililomwumiza kuliko lawama. Kigoda chake alikiacha uani, akashuka mjini, akaomba kazi kwa watu ambao hawajui kuulizwa. Ndivyo alivyokuwa Bubu.

Miaka ikaenda. Siku moja ya soko, jua la asubuhi, Rehani alikuwa akibeba mawe kando ya njia ya kituo, akamwona mwanamke mzee akija na tenga la ndizi. Mwendo ule aliujua kwa pembe ya jicho. Akatupa jiwe, akakimbilia nyuma ya chungu ya kokoto, akageuza uso. Wenzake wakaangua kicheko.

Nyayo zikasimama.

"Rehani."

Alikuwa hajapata kuisikia sauti ile ikimwita.

"Unamkimbia nani?" Pili akasema. "Aliyetufanya wakwe tumemzika."

Rehani akageuka polepole. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso, na uso ulikuwa wa Mwaisha, umezeeka. Alitamani kuugeuzia kisogo tena, ila hakuweza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Wakakaa juu ya mawe. Pili akasema alichokuja nacho kutoka mlimani, maana ndizi zilikuwa kisingizio tu. Alipokuwa msichana, nyumba ya dada wa bibi yake ilikuwa pale begani. Mlima ukakatika, maji yakatoka, watu wakafa. Wanawake wa ukoo wakapaacha, wakakubaliana wasipataje. Yunusi wakati huo alikuwa safarini pwani na wapagazi. Alijua tu kwamba hapalimwi.

"Aliposema kiwanja cha migomba, nilidhani kile cha kule mtoni," Pili alisema. "Nilipoleta nyasi ndipo nikaona nguzo zako."

"Ulisimama."

"Nilisimama. Nilikuja kukuambia usiukate mlima. Ujenge juu ya lile jiwe, hata kama ni padogo. Mimi na chungu changu tungetosha." Akalisogeza tenga kando. "Nilikwenda kwa Yunusi. Akasema kingine hakuna, na kile kimekwisha kutajwa kwa akida, nisimvunje moyo mkwe aliyekwisha kuchimba. Mwaisha sikumwambia, alikuwa na furaha mno. Nikahamia ninajua. Nilisema mimi ni mzee, likija litanikuta mimi. Siku ile ukakohoa, nikatoka."

Rehani alikuwa hajamwuliza mtu swali tangu msiba. Hili likatoka.

"Mama, kwa nini hukuniita, siku ile ya nyasi?"

"Nilingoja utoke migombani. Kwa nini hukutoka?"

"Nilikuwa ninakuheshimu."

"Na mimi, mwanangu. Nilikuwa ninakuheshimu."

Mnyapara akapiga kelele kutoka chini akiuliza jiwe lake liko wapi. Rehani akasimama, akamsaidia mama kujitwika tenga. Kisha akaliinua jiwe begani, akalipeleka alikoambiwa.